Mtandao wa gumzo kandokando ya ziwa: namna ya kuchagua programu ya seva na kuisimika

Orodha nyingi za programu za seva za gumzo hupangwa kwa wingi wa moduli (vipande vya nyongeza), kasi, au idadi ya mitandao mikubwa inayozitumia. Kwa anayejenga mtandao wa watu wa Mwanza, Ukerewe, Sengerema na mialo (mahali mitumbwi inaposhusha samaki) ya katikati, kipimo cha kwanza ni kingine: seva inamfanyia nini mtu ambaye simu yake imepoteza mtandao? Mvuvi wa dagaa anashusha mtumbwi jioni, anapita usiku kucha ziwani taa zikiwaka, anarudi mwaloni alfajiri. Kwa saa tisa au kumi hakuwa hewani. Akifungua simu anataka kuona bei zilizotajwa usiku, nani anahitaji mzigo Mwaloni Kirumba, na ujumbe aliotumiwa na tajiri wake. Seva ambayo humtupa nje na kumrudisha kama mgeni asiyejua lolote imeshindwa kazi, hata kama ina moduli mia mbili.

Mwongozo huu umeegemea hapo. Unahusu zaidi programu za IRC, mfumo wa zamani wa gumzo la maandishi, kwa sababu ndizo nyepesi na ndizo zinazowachanganya watu wanapochagua, lakini tutasema pia ni lini uachane na IRC kabisa. Na kama kikundi chenu ni watu arobaini wanaoelewana vizuri kwenye WhatsApp, msijenge kitu. Seva yenu wenyewe ina maana mkitaka vyumba vingi vinavyojitegemea, usajili na taratibu mnazozisimamia wenyewe, au data inayokaa mahali mnapopajua.

Andika haya kabla ya kupakua chochote

Chukua karatasi, andika idadi ya watu watakaokuwa hewani kwa wakati mmoja saa ya pilika. Usiandike idadi ya wanachama. Kwenye mialo saa ya pilika ni kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, mitumbwi inapoingia. Wakati wa mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapopumzika, idadi hushuka. Andika ujumbe unapaswa kutunzwa kwa muda gani: siku moja, wiki, au mwaka. Andika kama watu watatumiana picha, kwa mfano picha ya bondo (kibofu cha hewa) la sangara mnunuzi alione kabla hajapanga bei. Mwisho andika majina ya watu wawili, siyo mmoja, watakaokuwa na nenosiri la seva. Mtandao wenye msimamizi mmoja hufa siku anaposafiri na seva ikazima.

Familia tatu

IRC ilianzishwa na Jarkko Oikarinen katika Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, Agosti 1988. Kanuni zake ziliandikwa rasmi mwaka 1993 katika hati ya RFC 1459. Ujumbe mmoja haupiti baiti 512, na hiyo ni pamoja na jina la chumba na alama za kufunga mstari. Kwa hesabu hiyo megabaiti moja hubeba ujumbe 2,048 uliojaa pomoni. Usimbaji na ukaguzi wa muunganisho huongeza kiasi fulani, lakini kwa mtu wa bando la siku hakuna gumzo nafuu kuliko hili. Udhaifu wake: picha hazipiti, na kwa desturi yake ya zamani seva haikumbuki chochote.

XMPP, iliyoanza kwa jina la Jabber mwaka 1999, ni chaguo la wanaohitaji picha, sauti fupi na ujumbe wa mtu kwa mtu uliosimbwa. Seva zake mbili zinazoaminika ni Prosody na ejabberd. Kwa kikundi kidogo chukua Prosody: ipo kwenye hazina ya Debian (aina ya Linux), mafaili yake ya mipangilio yanasomeka, na moduli za `smacks`, `mam` na `muc_mam` humrudishia aliyekatika alichokosa. Kwa simu za Android kuna Conversations. Kama karatasi yako imeandikwa “picha ni lazima”, ishia kwa XMPP; sehemu kubwa ya yanayofuata kuhusu anwani, vyeti na mahali pa kuweka seva bado itakufaa.

Matrix ni ya mwaka 2014. Seva yake inayotumika zaidi, Synapse, inahitaji hifadhidata ya PostgreSQL na RAM nyingi kuliko mbili zilizotangulia, na ukijiunga na vyumba vikubwa vya seva nyingine diski hujaa haraka. Ni nzuri kwa taasisi yenye mtaalamu wa kudumu. Kwa kikundi cha mwaloni ni mzigo.

Ndani ya IRC: seva nne na moja ya pembeni

UnrealIRCd imeandikwa kwa C, na toleo la sita ndilo la kutumia. Ina vichujio vya matangazo ya kero na ulinzi mwingi uliowashwa tayari. Hali ya `+H` hutunza ujumbe wa chumba: `+H 50:1440` maana yake ni mistari 50 kwa dakika 1,440, yaani siku nzima. Usajili wa majina na vyumba hauko ndani yake. Unahitaji programu ya pili, kwa kawaida Anope, na hiyo ni huduma nyingine ya kusasisha na kuchunga.

InspIRCd, iliyoandikwa kwa C++, inafanana nayo kwa kazi, ila kila kitu ni moduli unayoiita mwenyewe kwenye faili la mipangilio. Anayependa kujua kila kipande kinafanya nini ataipenda. Mgeni atasahau moduli fulani kisha ashangae kwa nini amri haifanyi kazi. Nayo huhitaji Anope au Atheme.

Solanum ndiyo inayoendesha Libera.Chat, mtandao ulioanzishwa Mei 2021 na waliokuwa wafanyakazi wa kujitolea wa freenode. Ni imara, lakini imetengenezwa kwa mahitaji ya mitandao mikubwa ya seva nyingi. Usiichague kwa sababu ya ukubwa wa jina.

ngIRCd ndiyo ya pembeni. Ni ndogo sana, inasimikwa kwa `apt install ngircd`, na `ngircd --configtest` hukuonyesha makosa kabla hujaiwasha. Haitunzi ujumbe uliopita. Mahali pake ni maabara ya chuo kama SAUT kule Nyegezi, au ofisi yenye kompyuta ishirini kwenye mtandao wa ndani, ambako hakuna anayekatika.

Ergo, zamani ikiitwa Oragono, imeandikwa kwa Go. Faili moja la programu limebeba seva, usajili wa majina, usajili wa vyumba, na utunzaji wa ujumbe. Akaunti ya mtu inaweza kubaki hewani hata simu yake ikizima, na akirudi hukabidhiwa alichokosa. Mtu huyohuyo anaweza kuingia kwa simu na kompyuta kwa jina moja bila kugongana. Ina kasoro moja kubwa: haiunganishwi na seva nyingine. Mtandao wako wote ni seva moja. Watengenezaji wake wanaamini inabeba kwa raha watu 10,000, kwa hiyo kwa mialo yote ya mkoa ukubwa hautakuwa tatizo.

Kwa msomaji wa huku, isipokuwa ana sababu mahsusi, jibu ni Ergo. Sababu mahsusi inayokubalika ni moja: unataka seva mbili au tatu zilizoungana, mojawapo ikizima nyingine ziendelee. Hapo chukua UnrealIRCd.

Anwani moja, watu mia

Hapa ndipo mitandao mingi ya gumzo ya kwetu huvunjika siku ya kwanza, na wasimamizi hulaumu programu.

Kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma ya IPv4, kwa kuwa anwani hizo ni adimu. Kwa hiyo wavuvi hamsini walioko Kayenze, Igombe na Nansio, kama wanatumia laini za kampuni moja, seva inaweza kuwaona wakitoka kwenye anwani moja au mbili. Programu za IRC zilitungwa kwa kudhani kwamba watu wengi kutoka anwani moja ni mtu mmoja mkorofi mwenye nakala nyingi. Faili la mfano la UnrealIRCd linaruhusu watu 3 kwa anwani. Mfano wa InspIRCd nao ni 3. ngIRCd ni 5. Ergo huanza na 16 kwa wakati mmoja, na majaribio 32 ya kuingia ndani ya dakika kumi.

Kuna jambo la pili linalofanya hesabu hiyo iwe mbaya zaidi. Mtandao wa simu unapokatika ghafla, seva haiambiwi. Huendelea kuhesabu muunganisho ule wa zamani hadi ukaguzi wake ushindwe. Kwa ngIRCd ni sekunde 120 za kusubiri kabla ya kumwuliza, kisha sekunde 20 za kungoja jibu. Katika muda huo mtu huyohuyo ameshajiunga upya, hivyo anahesabiwa mara mbili. Ndiyo maana kwenye seva za zamani utaona lakabu zenye mkia, `Juma_` na `Juma__`: Juma wa kwanza ni mzimu ambao seva haijauzika. Asubuhi yenye mawimbi dhaifu ya simu kule Ukara, mizimu inaweza kuwa mingi kuliko walio hai.

Kanuni ya kukadiria: chukua watu wa saa ya pilika, dhani nusu yao wako kwenye kampuni moja na anwani moja, kisha zidisha mara mbili kwa ajili ya mizimu. Kwa watu 200 unapata 200. Weka hiyo kuwa kikomo cha anwani moja, na kwa majaribio ya dakika kumi weka mara tatu yake.

Ukishalegeza kikomo, huna tena kinga ile dhidi ya wakorofi. Na kumfungia mkorofi kwa anwani yake ya IP ni kufungia kijiji kizima. Ergo ina njia nzuri hapa: amri ya

```
/UBAN ADD 203.0.113.7 REQUIRE-SASL DURATION 2d
```

haifungi anwani, inadai tu kwamba yeyote anayetoka huko awe na akaunti na aingie kwa nenosiri lake kabla hajapokelewa. Waliosajiliwa wanaendelea kuuza dagaa, mgeni mwenye fujo anabaki mlangoni. Kwa aliyesajiliwa na bado anasumbua, simamisha akaunti yenyewe. Hii peke yake ni sababu tosha ya kuwasajili watu wote mapema.

Seva ikae wapi

Kompyuta ya ofisini Nyakato au Igoma inavutia kwa kuwa haina kodi ya mwezi. Kagua kwanza kama una anwani ya umma. Fungua rauta, soma anwani ya upande wa nje. Ikianza na 10., 192.168., au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya anwani ya pamoja na hakuna mtu wa nje atakayeifikia seva yako, hata ufungue poti zote. Kuna na umeme. UPS itaibeba kompyuta, lakini usisahau rauta na kile kisanduku cha faiba. Vikizima hivyo, seva iliyo hai ni pambo.

Kwa wengi, kompyuta ya kukodi mtandaoni yenye RAM ya GB 1 na diski ya GB 20 inatosha kwa mamia ya watu wa IRC. Swali ni ya ndani ya nchi au ya nje. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu na intaneti ya Tanzania ikazorota. Siku kama hiyo, seva iliyoko Ulaya haifikiki vizuri, wakati iliyoko Dar es Salaam, ya mtoa huduma anayebadilishana data na kampuni za simu hapahapa nchini, ina nafasi kubwa ya kuendelea. Ya nje mara nyingi ni nafuu. Kama mtandao ni wa biashara ya kila asubuhi, lipa hiyo tofauti.

Kusimika Ergo

Tuchukulie Debian, na jina la mfano `gumzo.mfano.or.tz` ambalo tayari linaelekea kwenye anwani ya seva. Weka TTL ya rekodi hiyo, yaani muda ambao anwani hukumbukwa kabla ya kuulizwa upya, sekunde 300. Siku utakapohama mtoa huduma, watu watafuata ndani ya dakika tano badala ya siku nzima.

Tengeneza mtumiaji wa pekee. Usiendeshe seva ya gumzo kama root (mtumiaji mwenye mamlaka yote), kamwe.

```
sudo adduser --system --group --home /home/ergo ergo
```

Pakua toleo jipya kutoka ukurasa rasmi wa mradi, kisha endesha `sha256sum` kwenye faili ulilopakua na ulinganishe na namba iliyochapishwa. Watu huruka hatua hii kwa kuiona ya wanaoogopa kivuli chao. Faili la Unreal3.2.8.1, toleo la zamani la UnrealIRCd, lilibadilishwa kwenye baadhi ya vituo vya kupakulia na kutiwa mlango wa nyuma tangu Novemba 2009, na haikugundulika hadi Juni 2010. Aliyelipakua kutoka huko alimpa mgeni uwezo wa kuendesha amri yoyote kwenye seva yake.

Fungua kifurushi, hamishia yaliyomo `/home/ergo`, kisha:

```
cd /home/ergo
sudo cp default.yaml ircd.yaml
sudo chown -R ergo:ergo /home/ergo
sudo -u ergo ./ergo mkcerts
sudo -u ergo ./ergo genpasswd
```

Amri ya nne hutengeneza cheti (faili linalowezesha muunganisho kusimbwa) cha muda cha kujaribia. Ya mwisho itakuuliza nenosiri na kukupa mstari mrefu unaoanza na `$2a$`. Huo ndio utakaobandikwa sehemu ya `opers` (wasimamizi), mahali pa nenosiri la `admin`. Usiandike nenosiri lenyewe mle.

Sasa fungua `ircd.yaml`. Ni ndefu, lakini mwanzoni gusa hizi tu:

```
network:
    name: ZiwaGumzo

server:
    name: gumzo.mfano.or.tz
    listeners:
        "127.0.0.1:6667":
        ":6697":
            tls:
                cert: fullchain.pem
                key: privkey.pem
            min-tls-version: 1.2
    ip-limits:
        max-concurrent-connections: 200
        max-connections-per-window: 600

accounts:
    multiclient:
        always-on: "opt-out"

history:
    channel-length: 2048
    restrictions:
        expire-time: 1w
```

Hivi ni vipande. Badilisha thamani hizo palepale zilipo ndani ya faili. Usifute mistari jirani na usibandike sehemu ya `server` mara ya pili. YAML, muundo wa faili hili, haipokei alama ya tabo, ni nafasi tu, na kosa la nafasi moja huangusha seva nzima na ujumbe wa hitilafu unaotaja mstari usio na kosa. Angalia mstari uliotangulia.

Poti 6667 ni ya maandishi yasiyosimbwa, ndiyo maana imefungiwa `127.0.0.1`: inasikiliza ndani ya kompyuta peke yake. Poti 6697 ndiyo ya watu wote. Ushauri wa kufungua 6667 “kwa ajili ya simu za zamani” ukatae; nenosiri litapita wazi kwenye kila mtandao wa wazi kuanzia stendi hadi bandarini.

`always-on` ikiwa `"opt-out"`, kila aliyesajiliwa hubaki hewani hadi akatae mwenyewe. Kwa kawaida Ergo huja na `"opt-in"`, yaani mtu aombe, na uzoefu wa binadamu ni kwamba hataomba.

Kuhusu `channel-length`: ujumbe 2,048 kwa chumba chenye ujumbe 300 kwa siku ni karibu siku saba, hivyo unaenda sambamba na `expire-time` ya wiki. Chumba chenye makelele ya ujumbe elfu moja kwa siku kitabaki na siku mbili tu, kiongezee. Elewa pia kwamba hifadhi hii iko kwenye RAM. Ukiwasha upya seva, ujumbe wote uliopita unapotea. Akaunti na vyumba vilivyosajiliwa havipotei, viko kwenye `ircd.db`. Anayetaka ujumbe ubaki baada ya kuwasha upya aunganishe MySQL na awashe `persistent`. Tunashauri uendeshe mwezi mzima bila hiyo kwanza.

Huduma ya systemd, inayoiwasha seva yenyewe kompyuta ikiwaka, kwenye `/etc/systemd/system/ergo.service`:

```
[Unit]
Description=Ergo
Wants=network-online.target
After=network-online.target

[Service]
User=ergo
WorkingDirectory=/home/ergo
ExecStart=/home/ergo/ergo run --conf /home/ergo/ircd.yaml
ExecReload=/bin/kill -HUP $MAINPID
Restart=on-failure
LimitNOFILE=65536

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

`LimitNOFILE` ina sababu. Kila aliyeunganishwa hutumia nafasi moja ya faili, na Linux mara nyingi hutoa 1,024 kwa programu moja. Zikiisha, seva inaonekana nzima kwa waliomo ndani lakini hakuna mpya anayeingia.

Washa kwa `sudo systemctl enable --now ergo`, fungua poti kwa `sudo ufw allow 6697/tcp`, na kama mtoa huduma ana kizuizi chake kwenye tovuti yake, fungua huko pia. Mara nyingi “seva haifikiki” ni hicho kizuizi cha pili.

Cheti, na kwa nini hufa baada ya miezi mitatu

Cheti cha bure cha Let's Encrypt cha kawaida hudumu siku 90. Certbot hukihuisha chenyewe, poti 80 ikiwa wazi, lakini kuna mitego miwili. Funguo za `/etc/letsencrypt/live` zinasomwa na root peke yake, kwa hiyo mtumiaji `ergo` hawezi kuzifungua. Pili, seva huendelea kushika cheti cha zamani kichwani hadi iambiwe isome upya. Matokeo yake cheti kipya kipo kwenye diski, seva inatoa kilichokwisha muda, na simu zote zinakataa kuunganishwa asubuhi moja. Weka hati hii kwenye `/etc/letsencrypt/renewal-hooks/deploy/ergo.sh` na uipe ruhusa ya kuendeshwa kwa `chmod +x`:

```
#!/bin/sh
D=/etc/letsencrypt/live/gumzo.mfano.or.tz
install -o ergo -g ergo -m 600 $D/fullchain.pem /home/ergo/fullchain.pem
install -o ergo -g ergo -m 600 $D/privkey.pem /home/ergo/privkey.pem
systemctl reload ergo
```

Kwa kuwa cheti cha kwanza hupatikana kabla hati hii haijawekwa, iendeshe kwa mkono mara moja. Kisha kagua seva inatoa nini hasa:

```
openssl s_client -connect gumzo.mfano.or.tz:6697 </dev/null | openssl x509 -noout -dates
```

Majaribio kabla ya kuita watu

Jisajili kwa `/msg NickServ REGISTER nenosiri`, tengeneza chumba, kisha `/msg ChanServ REGISTER #mwaloni`. Kwa simu za Android jaribu Goguma, inayojua kuomba ujumbe uliopita. Programu ya simu isiyojua hilo itafanya kazi, ila mtumiaji ataona chumba kitupu akirudi na atasema seva ni mbovu. Chagueni moja na muifundishe hiyo kwa wote.

Jaribio la maana ni hili. Zima data kwenye simu moja bila kutoka kwenye programu. Kwa simu nyingine andika ujumbe kumi na mbili chumbani na mmoja wa faragha. Subiri nusu saa, washa data. Zote kumi na tatu zionekane, kwa mpangilio, kila moja na saa yake sahihi. Zikikosekana, kagua kama mtu aliingia kwa akaunti yake au kama mgeni tu. Mara nyingi nenosiri liliandikwa kwenye kisanduku cha nenosiri la seva badala ya kile cha SASL, yaani cha nenosiri la akaunti.

Rudia jaribio ukiwa kwenye laini za kampuni mbili tofauti, na simu tano kwa pamoja kwenye laini za kampuni moja. Simu nyingi za bei nafuu huua programu inayoendelea nyuma ya pazia ili kuokoa betri. Waonyeshe watu mahali pa kuiruhusu kwenye mipangilio ya betri, la sivyo utapokea malalamiko ambayo hayatibiki kwenye seva.

Ukihitaji seva mbili

Kwa UnrealIRCd, yafuatayo ndiyo huvunja muunganiko. Saa: seva huamua nani mwenye haki ya jina kwa kulinganisha mihuri ya wakati, hivyo sekunde chache za tofauti huleta watu kufukuzwa ovyo, simika chrony (programu ya kusawazisha saa) kote. Funguo tatu za kuficha anwani lazima zifanane kwenye seva zote, zikitofautiana seva hutoa onyo na marufuku za vyumbani hazifanyi kazi sawasawa. Kila seva iwe na namba yake ya utambulisho (SID) isiyojirudia. Na mpangilio uwe wa matawi ya mti: A na B, B na C, bila kurudi A, kwa sababu IRC haikubali mzunguko. Mkongo kati ya A na B ukikatika, kila upande huona wenzake wa upande wa pili wametoka kwa mkupuo. Anope hukaa upande mmoja tu, na upande uliobaki hauna usajili mpaka muungane tena.

Sheria

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Majina, anwani za IP na mazungumzo ni taarifa. Utunzaji wa wiki moja tuliouweka hapo juu ni mwepesi kuutetea kuliko wa miaka. Kama hamna kazi na ujumbe wa mwaka jana, msiutunze. Waandikie watumiaji waziwazi, kwenye ujumbe wa kuwakaribisha, kwamba msimamizi wa seva anaweza kusoma vyumba.

Nakala na masasisho

Vitu vinne vinatosha kuifufua seva kwenye kompyuta mpya: `ircd.db`, `ircd.yaml`, funguo za cheti, na faili la systemd. Kila wiki simamisha huduma, nakili vyote mahali pengine nje ya kompyuta hiyo, uiwashe tena. Ni kazi ya sekunde chache, ila kwa kuwa ujumbe wa kwenye RAM unapotea, chagua saa. Usiku wa manane, ambao kwingineko ndio muda wa matengenezo, kwa mialo ni mbaya kuliko yote: alfajiri kila mmoja angekuta chumba kitupu. Fanya saa nane mchana, biashara ya asubuhi ikiwa imeisha na mitumbwi bado haijashuka. Sasisho la toleo jipya lifanye muda huohuo: simamisha, nakili, badilisha faili la `ergo` peke yake, linganisha `default.yaml` mpya na ya zamani kwa `diff` uone mipangilio iliyoongezwa, kisha washa na usome `journalctl -u ergo -n 50` kabla hujafunga kompyuta.